Adoni ya kutafuta kwenye programu ya mahesabu imenigombanisha na mteja wangu wa miaka tisa. "Hakuna matokeo" kumbe haijatafuta!!

Wakuu habari za saa hizi. Nina hasira na sitaki kuzificha, nimekaa nazo siku nne sasa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Mbagala, saruji, nondo, bati, mabomba, misumari, vitu vyote vya saiti. Mahesabu tunatumia programu ya kompyuta, mwaka wa tatu huu, na programu yenyewe sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba kutafuta kwake ni kwa jina la mteja, namba ya invoisi au tarehe basi, yale maelezo unayoandika pembeni kwamba hii ni mifuko 80 ya saiti ya Kongowe haiyagusi. Na TRA, watu wa kodi, wanataka kumbukumbu zikae miaka mitano, sasa kwa maelfu ya miamala bila kutafuta kwa neno utakesha. Ndo wakala wao hapa mjini akaniletea hii adoni, kinyongeza unachokilipia pembeni kinakaa ndani ya programu ileile, akaniambia dada andika neno lolote upate muamala wowote sekunde hiyo hiyo. Elfu 25 kwa mwezi kwa kila mtumiaji, tupo wawili, ukilipa mwaka mzima wanakuja kukufungia wenyewe. Nikatoa laki sita. Fundi wao akaja tarehe 19 Februari, akafunga, tukajaribu maneno mawili matatu ya mwaka jana, yakaja. Nikaridhika.

Sasa sikilizeni.

Nina mteja wangu mzee mmoja, mkandarasi, ananunua kwangu tangu 2016 duka lina milango miwili tu. Huwa nampa mzigo kwanza analipa baadaye na hajawahi kunisumbua hata siku moja. Machi alichukua mifuko 80 ya saruji, 1,360,000. Tarehe 9 Aprili kaja anataka mzigo mwingine, nikamwambia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mzee lile deni la Machi bado. Akasema mwanangu hilo nililipa kwa Lipa Namba, mbona siku nyingi. Nikaingia kwenye ile adoni nikachagua miamala ya Machi tu, nikaandika jina lake, nikaandika saruji, nikaandika Kongowe, nikaandika mpaka kiasi. Kila mara HAKUNA MATOKEO. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe, nikamwambia mzee mfumo unasema haipo. Watu wamejaa dukani, mafundi wake wawili wamesimama pale pale. Mzee akaangalia kile kioo, akasema haya, akaondoka. Mzigo hakuchukua.

Jioni nikamkalisha binti anayeingiza data nikamuuliza hela ya mzee umeipeleka wapi. Niliuliza hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo. Alilia yule mtoto, akasema dada niliingiza siku ileile, nikamwambia mbona mfumo hauna. Na alishawahi kuniambia kabla, dada hii kitu ya kutafuta mbona haileti vitu vya juzi, nikamjibu huandiki vizuri.

Tarehe 17 mhasibu wangu amekuja tuandae ritani ya VAT maana mwisho ni tarehe 20. Analinganisha taarifa ya Lipa Namba na vitabu, akasema mbona hii 1,360,000 ya tarehe 12 Machi ipo kotekote. Nikamwambia haiwezekani. Tukafungua tarehe 12 kwa mkono, mstari kwa mstari, IPO. Jina la mzee, kiasi, namba ya muamala, na maelezo kayaandika binti yule yule jioni ile ile. Mikono ilinitetemeka.

Haikuishia hapo. Mhasibu anaendelea anakuta manunuzi ya nondo ya saplaya mmoja yameingia MARA MBILI, 4,720,000 na tena 4,720,000. Binti alitafuta namba ya invoisi, ikamwambia hakuna, akajua hajaiingiza, akaiingiza upya. Programu yenyewe ina onyo la namba kujirudia ila mara ya kwanza kaandika na mkwaju (/) mara ya pili na kistari (-) kwahiyo haikushtuka. Mnaelewa maana yake? Ndani ya hiyo 4,720,000 kuna VAT ya 720,000, asilimia 18 ya milioni nne. Yaani ilibaki siku tatu nidai VAT ya manunuzi mara mbili kwa risiti moja. Afisa wa kodi akija kukagua utamwambia nini, adoni ilisema haipo?

Nikapiga simu sapoti. Tiketi ya kwanza wamenijibu kwa Kiingereza cha kunakili kwamba nijaribu kuzima na kuwasha, wakaifunga. Ya pili wamefunga bila jibu. Nimepiga mara ya tatu nimepokelewa na kijana mmoja mstaarabu na huyo ndo kanieleza ukweli. Kumbe ile adoni HAITAFUTI kwenye vitabu vyako. Inatafuta kwenye orodha ya maneno iliyojitengenezea yenyewe pembeni, kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu, na orodha hiyo inajengwa upya kila siku saa saba usiku. Saa saba usiku! Duka langu nafunga saa mbili, kompyuta inazimwa, na maduka mengi ya mtaani ni hivyohivyo, nani anaacha kompyuta inawaka usiku kucha na umeme huu na wezi hawa? Orodha yangu mimi ilijengwa mara MOJA tu, usiku wa tarehe 19 Februari kwa sababu fundi wao aliacha kompyuta inahamisha data mpaka asubuhi. Kuanzia tarehe 20 Februari kila nilichoingiza kwake hakikuwepo duniani.

Na hakuna sehemu yoyote imeandikwa orodha hii ni ya tarehe fulani. Hakuna onyo, hakuna taa nyekundu, hakuna chochote. Ndo kinachoniuma. Kama ingeandika "nimeangalia mpaka tarehe 19 Februari tu" ningefungua Machi kwa mkono dakika tano nimemaliza na mzee angeondoka na mzigo wake. Yenyewe inasema hakuna, kwa uhakika, kitu ambacho haijakiangalia. Ukimtuma mtu stoo akaangalie kama bati zipo, asiingie hata mlangoni, arudi akuambie bati hakuna mama, huyo utamlipa mshahara?

Baada ya hapo nikasema ngoja niipime vizuri. Nimeiwasha usiku kucha ijenge orodha yake, asubuhi nimechukua miamala 20 ninayoijua kwa macho nikaitafuta mmoja mmoja. Imepata 11. Tisa haikupata na orodha ni mpya kabisa!

Ukiandika saruji haileti palipoandikwa saruji50kg bila nafasi, kwake hilo ni neno jingine. Ukiandika mifuko haileti mfuko. Misumari haileti msumari, vitasa haileti kitasa, matofali haileti tofali. Kijana wa sapoti anasema inajua kukata miisho ya maneno, sawa, hiyo ni ya Kiingereza wanaoongeza kitu nyuma ya neno, Kiswahili chetu kinabadilika MBELE, kila mtu aliyesoma ngeli shuleni anajua. Mnauza kitu Tanzania hamjajaribu hata neno mfuko? Nikaandika malipo ya mbao, ikanimwagia miamala zaidi ya elfu mbili kwa sababu imetafuta na hiyo "ya", yaani vineno vidogo vya Kiingereza inajua kuviruka ila ya, wa, na, za inavihesabu kama bidhaa. Kiasi ukikiandika na koma kama kinavyoonekana kwenye kioo, 1,360,000, inasema hakuna, mpaka utoe koma. Na namba ya invoisi yenye mkwaju inaikata vipande.

Nimeomba hela yangu wamesema siku 14 za kurudisha zimepita. Zimepitaje wakati mimi ningejuaje kama haifanyi kazi, kila nikiuliza inanijibu vizuri tu hakuna?

Kwa sasa tunafanya hivi na inatusaidia: kila jioni kabla ya kufunga binti anatoa miamala yote kwenda Excel, tukitaka kitu tunabonyeza Ctrl na F. Ukiandika "ruji" tu inakuletea saruji, saruji50kg, SARUJI, zote. Bure. Na inasoma kilichopo mbele yake, sio cha Februari.

Binti nimemwomba radhi mbele ya vijana wote wa duka kama nilivyomgombeza, na tuko naye. Mzee nilimfuata saitini kwake juzi, nikapiga magoti, nikamwambia baba nimekukosea, hela yako ipo na niliiona kwa macho yangu. Akasema yameisha mwanangu, nyanyuka. Ila wakati naongea naye kulikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinashusha saruji pale, cha duka jingine.

Ninachotaka kwa hawa watu ni hela yangu yote laki sita, na hiyo adoni iandike pale juu kwa herufi kubwa orodha ni ya tarehe ngapi, na kama haijaangalia isiseme hakuna. Wasipojibu naenda Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayonunua na mimi niliambiwa neno lolote, muamala wowote.

Sasa wakuu, mwenye adoni ya aina hii, ya kampuni yoyote, naomba afanye kitu kimoja sasa hivi. Chukua muamala ulioingiza leo, tafuta neno lake. Halafu chukua wa wiki iliyopita, na wa mwezi uliopita. Niandikie hapa chini umeleta upi na umesema hakuna upi, na kompyuta yako huwa unaizima saa ngapi. Nayakusanya yote, nikienda FCC nisiwe peke yangu.