Nalinda usiku, kwaya nimeiacha. Ibada yangu iko wapi?

Besi wa Kiomboi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni mlinzi wa kampuni ya ulinzi hapa Dar. Lindo langu ni ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Barabara ya Nyerere. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, na mwenzangu wa kunipokea akichelewa natoka hata saa 2. Nyumbani ni Kiomboi, Singida. Kule nilikuwa kwaya tangu nipate kipaimara, naimba besi, na Jumapili ilikuwa Jumapili kweli: mazoezi Ijumaa, kufagia kanisa Jumamosi, na asubuhi tunaingia kwa maandamano huku tunaimba.

Hapa mjini nilijaribu kutoka lindoni moja kwa moja kwenda ibada ya kwanza, yunifomu nimeikunja kwenye begi. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma. Matangazo yakianza kusomwa nami usingizi umeshanichukua. Jumapili moja mzee wa kanisa akanitikisa bega akaniambia usingizi nikaulalie nyumbani. Watu waligeuka. Tangu hapo naenda kulala tu, na spika za makanisa ya mtaani nazisikia nikiwa kitandani.

Mke na mtoto wako Kiomboi kwa wazazi wangu. Mshahara unachelewa, mkataba haujulikani kama utaongezwa. Usiku nikijaribu kuomba naona maneno yanaishia kwenye bati la kibanda. Naomba mnijibu hasa nyinyi mnaofanya kazi za usiku: mtu kama mimi, Mungu bado anahesabu kwamba namwabudu? Na tumaini mnalishikaje?

Mteule

Kaka, pole. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja. Kazi inayokunyima nyumba ya Mungu ni ya kuiombea utoke. Mimi ningeanza kutafuta nyingine mapema, Mungu anafungua milango.

Mama wa Zamu

Mdogo wangu wa Kiomboi, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika, maana nimekuzidi miaka mingi. Mimi ni mkunga, wodi ya wazazi, Mbeya. Zamu za usiku nimezifanya tangu nikiwa msichana, kwa hiyo hili nalijibu kama mtu wa nyumba moja nawe.

Mteule amesema neno la kweli kuhusu kukusanyika, nami nitalirudia. Ila habari ya kuacha kazi namwomba ailegeze kidogo. Mtu akilala salama mjini, kuna aliyekesha. Mama akijifungua saa 9 usiku, kuna aliyekesha.

Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati sura ya 9. Watu huiruka kwa sababu ina majina mengi, lakini wewe isome kama taarifa ya kazi yako. Kuna mabawabu, walinzi wa malango ya nyumba ya Mungu. Wamehesabiwa, 212. Wamepangwa pande nne: mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Wakuu wanne wako palepale, na ndugu zao wanatoka vijijini kuja kushika zamu ya siku saba. Wanalala kuizunguka nyumba kwa sababu ulinzi ni wajibu wao, na kila asubuhi wao ndio wanaofungua. Na majina yao yameandikwa katika kitabu kimoja na ya makuhani na waimbaji. Aliyeandika hakudhani kwamba ibada inaanzia mlangoni kwenda ndani, wala kwamba wa getini ni watu wa nje.

Kati ya hao mabawabu wapo wana wa Kora. Unaukumbuka ukoo huo? Kora ndiye aliyemwasi Musa jangwani, ardhi ikafunguka. Ungedhani jina hilo limefutika. Hesabu 26:11 inasema kwa kifupi sana kwamba wana wa Kora hawakufa. Ukizifuata karne unawakuta getini, wamepewa kazi ya kulinda, na zaburi zina jina lao juu. Zaburi ya 84, ile ya “ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu”, ni yao. Ukoo uliotoka kwenye aibu kubwa kiasi hicho ukaishia kuimba. Mimi tumaini langu nimelijenga hapo miaka mingi, wala halijaniangusha.

Ya kwako hasa ni Zaburi ya 42, nayo ni ya wana wa Kora. Isome polepole ukiwa lindoni. Yule mtu yuko mbali na hekalu, kule kwenye nchi ya Yordani na Hermoni, kaskazini kabisa. Anakumbuka alivyokuwa anaongoza mkutano kwenda nyumbani kwa Mungu, kwa sauti za furaha na kusifu. Si wewe huyo na maandamano yenu ya Kiomboi? Machozi yake yamekuwa chakula chake, watu wanamuuliza Mungu wako yuko wapi. Na katikati ya hayo anasema, “na usiku wimbo wake utakuwa pamoja nami.” Hajarudi hekaluni bado. Zaburi inaisha hajarudi. Anaiambia nafsi yake imtumaini Mungu kwa sababu atakuja kumsifu tena, na kusema hivyo tayari ni kusifu.

Kwa hiyo maneno kuishia kwenye bati nisingekwambia ni dalili kwamba Mungu amekuacha. Mwenye zaburi alihisi hivyo hivyo, na alichokihisi kimekuwa Neno la Mungu.

Nikwambie ninavyofanya mimi. Mama akiwa katika uchungu, kila nusu saa lazima niinamie tumbo lake nisikilize moyo wa mtoto, nihesabu mapigo, niandike kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika nasema moyoni, asante Bwana. Yakishuka namwita daktari, na naomba huku miguu inakimbia. Sala ndefu siziwezi nikiwa zamu. Lakini usiku mzima ukipita nimeongea na Mungu mara nyingi kuliko Jumapili niliyokaa kanisani kwa muda wa saa tatu.

Wewe una raundi zako na kitabu cha matukio. Zaburi za kupanda mlima ni 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, na karibu zote ni fupi. Kila ukirudi kutoka raundi, ukishaandika “hali shwari”, soma moja. Ya 121 ni ya asiyesinzia wala kulala. Ya 127 inasema Bwana asipoulinda mji, aulindaye akesha bure, yaani kuna Mlinzi mwenzako. Ya 130 inakutaja kwa kazi yako: “Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi.” Mara mbili imesema, walinzi, walinzi. Nadhani wewe utaielewa kuliko mhubiri. Saa 10 alfajiri baridi imeingia, macho mazito, lakini hujawahi kujiuliza kama leo kutakucha. Unachongoja ni saa tu. Tumaini la Biblia ni la namna hiyo, halitegemei wewe unajisikiaje.

Na huyo mzee aliyekutikisa bega, msamehe, ila usimwachie kanisa. Matendo 20, kijana Eutiko alilala dirishani Paulo akihubiri Troa, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia. Hakuna neno hata moja la kumkaripia. Wakapanda juu, wakamega mkate, wakazungumza mpaka alfajiri. Na Eliya alipolala chini ya mretemu, malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Sisi Wamoraviani tuna historia ya zamu. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 walijipanga kuomba saa moja moja, mchana na usiku, na desturi hiyo ikadumu zaidi ya miaka 100. Kutoka kanisa hilo wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, na bibi zangu wakaipokea Injili. Kwa hiyo nikiwa wodini saa 8 usiku sijioni niko nje ya ibada ya kanisa langu. Naona nimeshika saa yangu.

Mkatoliki wa Songea

Mama amesema vizuri mno. Niongeze kidogo tu. Kwa wamonaki, yaani watawa wa kiume, wa abasia ya Peramiho siku ya sala huanza kabla jua halijachomoza, wakiimba zaburi. Kwa hiyo saa 11 alfajiri ukiwa getini unasinzia, jua kwamba kuna watu Ruvuma wanaamka kumsifu Mungu pamoja nawe. Na ile Zaburi ya 134, ya watumishi wanaosimama usiku nyumbani mwa Bwana, imo katika sala yetu ya kumaliza siku. Ni aya tatu tu, unaweza kuikariri kwa zamu moja.

Ndugu wa Haki

Mimi nitazungumza ya duniani, maana nayo ni ya Mungu. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kwanza zungumza na mwajiri kwa barua, ubaki na nakala. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Kumbukumbu la Torati 5 inaagiza mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, kwa hiyo usione aibu kudai pumziko. Kulidai si kukosa imani.

Besi wa Kiomboi

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimesoma hapa lindoni, bando likakaribia kuisha nikaogopa kukosa mwisho. Zaburi ya 42 nimeisoma mara mbili. Sikuwahi kujua kwamba kuna mtu aliwahi kuililia kwaya.

Off yangu huwa Jumanne. Sijui Jumanne niende wapi, makanisa yamefungwa. Na kuimba lindoni, je, ni sawa? Naogopa supavaiza akifika akute naimba aseme nilikuwa silindi.

Mama wa Zamu

Marahaba mwanangu.

Kuimba kwa sauti hapana. Uaminifu kwa ghala la watu nao ni sehemu ya ibada, Wakolosai 3 inawaambia watumwa wafanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Mlinzi asiposikia hatua za mwizi kwa sababu anaimba hajamtukuza Mungu. Lakini besi unaweza kuivumisha kooni taratibu wakati unatembea, masikio yako wazi. Ukiwa na Tenzi za Rohoni, ile ndogo inaingia mfukoni, haihitaji bando.

Jumanne: sharika nyingi za mjini zina sala ya alfajiri siku za kazi, nyingine za mchana kwa watu wa ofisini. Na jumuiya za nyumbani nyingi hukutana katikati ya wiki jioni. Hapo watu ni 10 au 15, ukisinzia watakupa chai. Usiende kimyakimya ukakaa nyuma. Mtafute mchungaji ofisini, mwambie kama ulivyotuambia hapa: mimi ni mlinzi, Jumapili natoka usiku, sijashiriki Chakula cha Bwana muda mrefu. Mchungaji mwema atakupangia siku. Muulize pia mwalimu wa kwaya ni siku gani wanafanya mazoezi. Hata kama Jumapili huwezi kusimama nao, mazoezi ya Jumanne yakiwepo nenda ukaimbe. Kwaya za mjini kila siku zinalia kwamba besi ni wachache.

Na barua ya likizo iandike kama ndugu alivyosema, siku 28 ni nyingi. Panga ziangukie sikukuu, uende Kiomboi ukamwone mwanao na mama yake. Mpigie mkeo kesho kabla ya kulala, msomee hiyo ya 121 kwenye simu, naye akusomee ya 127 jioni ukienda lindoni.

Mteule

Kaka, nimesoma majibu ya mama mpaka mwisho. Niko Vingunguti, karibu na hapo ulipo. Jumuiya yetu inakutana Jumanne saa 11 jioni. Nitumie ujumbe nikuelekeze kituo cha kushukia, nitakusubiri barabarani.