Upepo wa baharini una mwenyewe? Aliyejenga baadaye amlipe jirani?

Mchokoza Mada
Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Ireland zinajaa turbini, na sasa wenye mashamba ya upepo wanashikana mashati. Ukijenga goshini (upande upepo unakotoka), jirani aliye demani (upande unakoelekea) anabaki na upepo uliokwisha kutumika. Mwaka 2023 Uingereza iliruhusu shamba la Awel y Môr, pwani ya Wales, kwa sharti: kabla ya kusimamisha turbini hata moja, lifanye tathmini ya kivuli chake cha upepo, yaani upepo uliopungua nyuma ya turbini zake, na kuonyesha litakavyokipunguza. Sababu ni Rhyl Flats, shamba dogo la 2009 lililo jirani. Mimi naona sharti halitoshi. Anayepunguza umeme wa mwenzake alipe. Mnaopinga, karibuni.

Fundi Hesabu
Tujue kwanza kinachopotea. Chukua shamba la Horns Rev 1 la Denmark: turbini 80, kipenyo cha mapanga mita 80, nafasi kati yao mita 560, yaani vipenyo 7. Kwa fomula ya Jensen ya 1983 ya kukadiria kivuli, ambayo wengi huanzia hapo, na kipimo cha 0.04 cha jinsi kivuli kinavyotanuka juu ya bahari, turbini ya nyuma inapata upepo uliopungua kwa asilimia 23 hivi. Nguvu hufuata mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi), kwa hiyo umeme unabaki chini kidogo ya nusu. Nchi kavu kipimo hicho ni 0.075 na hasara ni ndogo zaidi, kwa kuwa miti na vilima huchanganya hewa haraka.

Ila hiyo ni pale upepo unapopita sawasawa kwenye mstari. Ukigeuka nyuzi 10 tu, kivuli kinakaribia kukukosa kabisa. Na ukivuma mita 15 kwa sekunde, turbini zote ziko kwenye nguvu kamili, hakuna wa kulalamika. Ugomvi wote uko kwenye upepo wa kati.

Mpima Anga
Hesabu hiyo ni ya turbini moja na mwenzake. Kivuli cha shamba zima ni habari nyingine. Mwaka 2016 na 2017 Wajerumani walirusha ndege yenye vipimo nyuma ya mashamba yao na kukuta upepo uliopungua hadi kilomita 70 mbele. Hii hutokea hasa majira ya kuchipua, hewa ya joto inapopita juu ya maji ambayo bado ni baridi. Hewa nzito inalala chini, nyepesi inakaa juu, hazichanganyiki, na upepo wenye nguvu wa juu haushuki kujaza pengo. Bahari ikiwa na joto kuliko hewa, mambo hugeuka: hewa inapanda na kushuka, na kivuli hufa mapema sana.

Ile picha maarufu ya Horns Rev ya Februari 2008, yenye mikia ya ukungu nyuma ya kila turbini, isiwadanganye. Ukungu ulionyesha hewa inavyochanganyika siku ile yenye unyevu mwingi. Hauonyeshi hasara ya mtu.

Bin Bahari
Mkuu, kwa kilomita 70 hoja ya fidia imejifia yenyewe. Mkataba unakodisha sakafu ya bahari, hewa haimo. Tena shamba la Borssele la Uholanzi liko kaskazini mashariki ya mashamba ya Ubelgiji, na upepo mwingi pale hutoka kusini magharibi. Mholanzi amdai Mbelgiji? Na upepo ukitoka kaskazini mashariki, deni ligeuke? Afadhali sheria ya umbali, kila mtu aijue kabla hajaweka pesa.

Pia tusisahau: Oktoba 2019 Ørsted wenyewe, kampuni kubwa ya Denmark ya umeme wa upepo, walitangaza kwamba makadirio yao ya uzalishaji yalikuwa ya juu mno, kwa sababu ya vivuli na kwa sababu upepo hupungua hata kabla haujafika kwenye safu ya kwanza. Sehemu kubwa ya hasara mtu hujifanyia mwenyewe kwa kubananisha turbini.

Mwana wa Wavuvi
Na wasio na turbini je? Mvua, samaki?

Mpima Anga
Kuhusu joto, nyuma ya mashamba ya Ujerumani tofauti ilifika karibu nusu nyuzi tu, na ni pale tabaka la hewa ya joto linapokaa karibu na kimo cha mapanga. Msukosuko wa hewa unaongezeka ndani ya shamba na nyuma yake kidogo. Anayeumia hapo ni turbini ya nyuma: mashina ya mapanga na beringi huchoka kabla ya wakati. Chakula cha samaki ndicho cha kufuatilia. Upepo dhaifu husukuma maji kidogo, na modeli ya kompyuta iliyochapishwa 2022 ilionyesha ukuaji wa vijimea vya baharini kubadilika hadi asilimia 10, kupanda hapa na kushuka pale.

Fundi Hesabu
Narudi kwa Mchokoza. Ukitaka kulipwa, thibitisha. Uwe na rekodi za kila dakika 10 za angalau miaka miwili kabla jirani hajajenga. Sahihisha dira ya kila turbini, maana kosa la nyuzi 5 linavuruga kila kitu. Usitegemee kipima upepo kilicho juu ya turbini, kimekaa nyuma ya mapanga. Weka lida, kifaa cha leza cha kupima upepo kwa mbali, na boya linalopima joto la maji na la hewa, upate kutenga siku ambazo hewa ya juu na ya chini hazichanganyiki. Halafu linganisha turbini zako zilizo kivulini na zilizo nje, saa ileile. Ukibisha bado, jirani azime kwa saa moja tuone.

Bin Bahari
Shamba la megawati 1,000 likiwa nusu ya nguvu, saa hiyo moja ni megawati-saa 500. Nani analipa?

Mchokoza Mada
Anayedai atangulize. Kivuli kikionekana, arudishiwe.

Bin Bahari
Na kama siku hiyo bahari ina joto kuliko hewa, kivuli kimekufa mapema? Atazimisha mara ngapi?