Uzi: Kushiriki shughuli za wenyeji ukiwa nje ya nchi, tupeane uzoefu

Mzururaji
Wakuu, salaam. Uzi huu si wa hoteli za bei nafuu wala wa sehemu za kupigia picha. Tunataka shughuli ambazo mgeni anaingia na kushiriki. Ukichangia taja mahali, siku, mlango wa kuingilia, mavazi, na kinachowaharibia wageni. Porojo tupeleke jukwaa la mapenzi.

Naanza na jepesi: parkrun. Ni kilomita 5, bure, kila Jumamosi asubuhi. Ilianzia Bushy Park, London, mwaka 2004, sasa iko nchi nyingi. England huanza saa 3:00, Scotland saa 3:30, Afrika Kusini nyingi ni saa 2:00. Unajisajili mtandaoni mara moja tu, unapewa msimbo wa kuskani, na msimbo huohuo unatumika nchi zote. Ukifika mwisho unakabidhiwa kikadi (tokeni) chenye namba yako ya kumaliza. Kipeleke pamoja na msimbo kwa anayeskani, kisha kirudishe. Wageni huondoka nacho mfukoni, matokeo yanavurugika. Bila msimbo, muda wako hauandikwi, hata ubembeleze vipi. Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa. Ijumaa usiku angalia ukurasa wa eneo husika, maana matope au shughuli nyingine bustanini huweza kufuta mbio. Na usikimbilie hotelini baada ya kumaliza: watu huenda kunywa kahawa jirani, na hapo ndipo unapofahamiana nao.

Bi_Chuda
Ukipita Barcelona au mji mwingine wa Catalonia, tafuta colla, kikundi cha kujenga minara ya watu. Mnara wenyewe ni castell, na UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2010. Wengi hudhani ni kazi ya wanasarakasi. Wanaopanda ndiyo, wamefundishwa. Ila chini kuna pinya, duara la watu waliobanana, makumi na hata mamia, wanaouzuia mnara usiyumbe na kuwapokea wanaoporomoka. Huko wanataka miili tu, ya kila umri. Mnene anapendwa.

Mlango ni mazoezi ya jioni, yanaitwa assaig. Colla nyingi hukutana mara mbili kwa wiki, mara nyingi Jumanne na Ijumaa. Msimu wa maonyesho ni kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba hivi. Fika mapema kidogo, sema ni mara yako ya kwanza. Msimamizi wa pinya atakupanga kwa urefu wa mabega. Vaa suruali na viatu vya soli bapa. Vua hereni, saa, pete, mkufu na miwani, na mifuko iwe mitupu.

Ukishapangwa: kifua chako kigandane na mgongo wa aliye mbele, mikono inyooke kupita juu ya mabega yake, kidevu kifuani. Usitazame juu hata kidogo. Mtu akidondoka, afadhali akuangukie mgongoni au kisogoni kuliko usoni. Sukuma kwa uzito uleule muda wote, bila kupigapiga, na fuata sauti ya msimamizi.

Kosa kubwa la wageni ni kulegea wakisikia watu wanashangilia. Shangwe hiyo ni ya mtoto wa juu kabisa kuinua mkono, na hapo kazi imefika nusu. Mnara huhesabiwa umekamilika ukishateremka salama hadi wa mwisho, na mingi huanguka wakati wa kushuka. Kwa kuwa umeinama huoni kitu, sikiliza gralla, ndugu yake zumari la kwetu: mtoto akiinua mkono, muziki unakujulisha. Ukisikia wanataja "3 de 8", ni mnara wa ngazi nane, watu watatu kila ngazi isipokuwa zile za juu kabisa.

Njiwa_Manga
Dada, mtu mfupi wa kilo 50 ana kazi huko?

Bi_Chuda
Anayo. Wafupi ni lulu karibu na kitovu, kuna nafasi ya kumwegemeza kwapani yule anayebeba mnara. Lakini hiyo ni ya waliozoea. Mgeni huwekwa safu za nje, asikasirike.

Mpiga_Tashkota
Buenos Aires, milonga, yaani usiku wa tango. Nyingi zina darasa kabla dansi haijaanza, unalipia mlangoni. Muziki hupigwa kwa tanda, nyimbo 3 au 4 za aina moja, halafu cortina, kipande kifupi cha muziki tofauti: wote wanarudi kukaa.

Hakuna kwenda mezani kumwomba mtu. Unamtazama machoni kutoka ulipo. Akikutazama unainamisha kichwa kidogo, naye akikubali hufanya vivyo hivyo. Akigeuza uso, yamekwisha, na hakuna aliyeaibika. Dada usinyanyuke hadi bwana afike mbele yako, huenda alikuwa anamtazama wa nyuma yako.

Ukumbini mnazunguka kinyume cha saa, na aliye mbele hapitwi. Wimbo ukianza msikurupuke. Wenyeji hupiga soga kidogo kwanza. Na gracias iseme tanda ikiisha. Ukiisema katikati, mwenzako anaelewa umemchoka na ataondoka.

Kondakta_Mstaafu
Waliopita barabara ya Mombasa wanaijua Makindu, gurdwara (hekalu la Masingasinga) ambayo msafiri hula bure. Kule Amritsar, India, kwenye Hekalu la Dhahabu, utaratibu ni huohuo kwa ukubwa wa kutisha: maelfu kwa maelfu kila siku.

Acha viatu kaunta, pita kwenye maji uoshe miguu, funika kichwa kwa kitambaa (kofia haitoshi). Sigara na pombe usiingie nazo. Mnakaa chini kwa safu, tajiri na fukara pamoja. Mkate unapokelewa kwa mikono yote miwili. Chukua kidogo, wagawaji watarudi. Kubakiza chakula ni aibu.

Ukimaliza, kazi ipo bila usajili: kumenya vitunguu saumu, kusukuma mikate, kuosha sahani. Kaa penye nafasi, uige wa jirani. Ndani ya patakatifu hakuna picha.

Mzururaji
Nyongeza ya viza. Uingereza, mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa jumla ya siku 30 tu, na iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Wale wa kufanya kazi shambani kwa kitanda na chakula, muwe macho: nchi nyingi zinaihesabu ajira. Ulizeni ubalozini kabla ya kukata tiketi.

Njiwa_Manga
Japani je? Naona picha za wanaocheza barabarani.

Bi_Chuda
Hiyo ni Awa Odori, mji wa Tokushima, tarehe 12 hadi 15 Agosti. Ulizia niwaka-ren, kundi la wasio na kundi. Hakuna kujisajili, unafika mahali na saa iliyotangazwa, mnafundishwa kidogo, mnaingia uwanjani. Mikono juu, magoti yamekunjwa, mkono wa kulia na mguu wa kulia vinakwenda pamoja. Wengi hukosea hapohapo, wanacheza kama wanatembea. Chumba kitafute miezi kadhaa kabla, mji hujaa.