Tupeane uzoefu: spika za omu tofauti kwenye resiva moja, nani yamemkuta?

Mleta mada, Nyakato
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili binti yangu alipata kipaimara, wageni wakajaa mpaka uani. Resiva yangu ni ya mtumba, ina matundu ya spika A na B. A ni zile za sebuleni siku zote. B nikachomeka jozi niliyonunua wiki hiyohiyo, nikaigeuzia uani. Nyimbo mbili safi kabisa. Ya tatu shemeji kapandisha sauti, kimya! Taa nyekundu inapepesa. Nazima, inapoa, nawasha, baada ya dakika kumi inarudia. Bati la juu lilikuwa la kukaangia dagaa. Sherehe tumeimalizia na simu ndani ya sufuria, msinicheke.

Nyuma ya resiva pameandikwa A au B omu (kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme) 4 hadi 16, A na B pamoja omu 8 hadi 16. Spika zote nne zina kibandiko cha omu 8. Sasa nimekosea wapi? Yaliyowakuta yamwageni hapa.

Wa Kirumba
Wewe umepata taa, mimi nilipata moshi. Nina kibanda cha chipsi jirani na Mwaloni, na pale bila besi hupati mteja, watatu wote wa jirani wanapiga muziki. Nikaweka spika nne za omu 8 kwenye amplifaya, kila upande mbili, mambo yakaenda. Upande mmoja ukaanza kukwaruza, kijana wangu akahamishia zote nne upande uliobaki, chanya na chanya, hasi na hasi. Nane gawanya kwa nne, omu 2 hizo.

Mimi akili yangu ilikuwa ya wabeba mizigo: wakiwa wengi, kila mmoja anabeba kidogo. Kumbe spika ni bomba kwenye tenki. Ukiongeza bomba, maji yanatoka mengi zaidi, na anayeumia ni pampu. Fundi alinipigia hesabu kwenye karatasi ya chipsi: volti 20 kwenye omu 8 ni ampea 2.5, kwenye omu 2 ni ampea 10. Transista zikaungua, spika zenyewe nzima hazina hata doa. Siku hizi naunga mbili kwa mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, zinakuwa 16, kisha jozi na jozi sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, narudi kwenye 8. Sauti imepungua kidogo, ila nalala.

Wa Ukerewe
Yangu ya Japani, volti 100, nikaichomeka kwenye 230 moja kwa moja. Haikufika hata kwenye spika.

Mleta mada
Hahaa, pole mkuu, hiyo ni mada nyingine.

Wa Buhongwa
Nyuma ya resiva hakuna kiswichi cha omu? Yangu ipo. Niliiweka kwenye 4 nikidhani nimemaliza kila kitu. Haizimi kweli, lakini ukipandisha tu besi, sauti inapasuka mapema. Niliambiwa kiswichi kinapunguza umeme unaokwenda kwenye amplifaya, ndiyo maana haichemki. Ni kama gari kulifungia gia ya pili.

Fundi, Igoma
Mleta mada, kibandiko ni cha boksi, hakijui kilichomo ndani. Koni ya zamani, ile spika yenyewe ya ndani ya boksi, ikichanika watu wanatia ya gari, na za gari nyingi ni omu 4. Chomoa waya zote kwenye resiva, weka mita kwenye omu, gusa waya mbili za spika. Ya omu 8 itakusomea karibu 6, ya omu 4 itasoma 3 na pointi. Isiposoma 8 kamili usiniletee malalamiko: mita inapima koili imetulia, muziki ukipita ukinzani unapanda na kushuka kwa kila noti.

Mleta mada
Nimeazima mita kwa fundi pikipiki. A: 5.9 na 6.0. B ya kushoto: 6.1. B ya kulia: 3.4!

Nimefungua skrubu. Koni mpya nyeusi, imezungushiwa gundi ya njano ya viatu, kwenye sumaku pameandikwa 4. Yaani upande wa kulia 8 ya A na 4 ya B ziko sambamba, haifiki hata 3. Aliyeniuzia aliniapia hazijawahi kufunguliwa.

Fundi, Igoma
Usiitupe. Ukizima A ukapiga B peke yake, 4 inaruhusiwa, soma ulivyoandika mwenyewe. Ila kulia itakuwa na sauti kubwa kuliko kushoto.

Wa Kirumba
Uiweke upande wa shemeji.