Trikoderma au basila kwa nyanya? (Muheza)

Kitalu_Muheza: Wakuu, nataka kupanda nyanya palipokuwa na bilinganya zilizonyauka. Duka la pembejeo lina vijidudu vya kukinga mimea na magonjwa: trikoderma ya unga na basila (bakteria) ya maji. Ipi inafaa?

Mkwakwani: Jua kwanza bilinganya zilinyauka kwa nini. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Trikoderma ni kuvu na hupambana na kuvu wenzake na vimelea vinavyofanana na kuvu, vya udongoni: fuzari, pithiamu, rizoktonia. Kwa bakteria usiitegemee.

Bi_Lushoto: Kwa kinyausi (miche michanga kuoza shina na kuanguka) kitaluni mimi nachagua trikoderma bila kusita. Kilo 1 kwa kilo 100 za samadi iliyooza vizuri. Mbichi inapanda joto na kuiua. Lowanisha mpaka ukiifinya ishikamane bila kuchuruzika, weka kivulini, funika kwa magunia, geuza kila siku 3 au 4. Ndani ya wiki moja hadi mbili utaona ukungu mweupe unaogeuka kijani. Ikinuka, maji yamezidi.

Pwani_Shambani: Tatizo la trikoderma huku kwetu ni joto la madukani. Basila hujifungia ndani ya spora ngumu, inavumilia stoo. Vyovyote vile soma tarehe, na usinunue pakiti iliyoanikwa juani. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya.

Bi_Lushoto: Kweli. Pia kabendazimu, dawa ya kuua kuvu, inaua trikoderma. Watu wanamwagia vyote wiki moja, halafu wanasema unga ni feki! Na dawa ya shaba usiichanganye na basila kwenye bomba moja la kunyunyizia.

Kitalu_Muheza: Nimefanya ya glasi. Nyuzi zimeshuka.

Mkwakwani: Pole. Hapo weka mahindi, tena si msimu mmoja, na ng'oa mnavu wote maana unahifadhi ugonjwa. Basila hupunguza makali, haiponyi mche ulioingiliwa. Trikoderma itumie kitaluni tu, kwa udongo wa kwingine. Jembe lioshe kwa jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji. Na mfereji unaopita hapo usiuelekeze shamba jipya. Bakteria husafiri na maji.