Mbwa wa kienyeji ametokana na mbwa mwitu wa Mkomazi, au bweha, au aliletwa?

Msomaji wa Kiboriloni (Moshi)

Wakuu, salaam. Naomba wenye elimu ya wanyama waamue ubishi huu. Kundi la kwanza linasema mbwa wa kienyeji tunayemfuga Kilimanjaro na Arusha ametokana na mbwa mwitu, wale wa mabaka walioko hifadhi ya Mkomazi: mababu waliwatoa watoto shimoni, wakawalea, wakazaliana. Kundi la pili linasema hapana, huyo ni bweha, maana ukimwona bweha alfajiri pembeni ya shamba la mahindi utadhani koko wa mtaani.

Ninachotaka kujua ni mnyama yupi hasa, alianza kufugwa wapi na lini, na ilikuwaje mla nyama akakubali kukaa na watu bila kuwala. La vitendo pia: mtu akichukua kitoto cha bweha leo, akakilea kwa maziwa na uji, vizazi vichache mbele atapata mbwa?

Tabibu wa Njiro (Arusha)

Mleta mada, wote wamekosa. Mbwa yeyote duniani, awe koko wa Soko la Kilombero au yule mwenye cheti cha ukoo, ametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, Canis lupus. Huyo hayupo Tanzania wala popote kusini mwa Sahara. Tena tawi lenyewe lililozaa mbwa limeshatoweka; mbwa mwitu wa kijivu wanaoishi leo ni binamu wa mbwa, si babu zake.

Wa Mkomazi ni Lycaon pictus, jenasi (kundi la spishi za karibu) nyingine kabisa. Hesabu vidole vya mguu wa mbele kwenye picha yoyote nzuri: yeye ana vinne, mbwa ana vitano, cha tano kikiwa juu upande wa ndani, hakigusi ardhi. Hawazaliani. Mbwa akikutana na mbwa mwitu wa kijivu wanazaa, na watoto wao nao wanazaa.

Kwa bweha kuna jambo litakalowashangaza. Yule mwenye mgongo mweusi, ambaye ndiye wengi wanamwona huku, kiukoo yuko mbali na mbwa kuliko hata mbwa mwitu wa Mkomazi. Bweha aliye karibu na mbwa ni yule wa dhahabu wa Serengeti na Ngorongoro, ambaye mwaka 2015 vinasaba vilionyesha kwamba ni wa upande wa mbwa mwitu wa kijivu hasa. Hata hivyo naye si mzazi wa mbwa. Kufanana kwa sura kusiwadanganye: mnyama wa kilo 8 hadi 20 anayekimbia sana na kula chochote huishia na umbo lilelile.

Lini na wapi? Mifupa ambayo karibu kila mtaalamu anaikubali ni ya Bonn-Oberkassel, Ujerumani, iliyofukuliwa mwaka 1914. Ina umri wa takribani miaka 14,000, na mbwa huyo alizikwa pamoja na mwanamume na mwanamke. Alikuwa mtoto wa miezi kama 6 au 7, na meno yake yana alama za distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mbwa mwenye distempa hawezi kujilisha, kwa hiyo kuna mtu alikuwa akimhudumia wiki kadhaa wakati hana faida yoyote ya kuwinda wala kulinda. Yako mafuvu ya zamani zaidi, la Goyet huko Ubelgiji na la milima ya Altai, yanayofika miaka 30,000 na zaidi, lakini yanabishaniwa: wengine wanasema ni mbwa mwitu tu mwenye pua fupi.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 kwa kutumia jenomu (vinasaba vyote) za mbwa mwitu 72 wa kale unaelekeza upande wa mashariki wa Asia na Ulaya kuliko magharibi. Ajabu yake, mbwa wa Mashariki ya Kati na wa Afrika wamebeba pia sehemu ya pili ya asili, kutoka kwa mbwa mwitu wa upande wa magharibi. Ama kulikuwa na ufugaji mara mbili, ama mbwa waliokwisha kufugwa walichanganyika na mbwa mwitu wa huko. Mimi nauona mchanganyiko kuwa rahisi zaidi kuamini.

Afrika, mifupa ya mwanzo inayokubalika ni ya Merimde, delta ya Nile, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Kutoka huko mbwa walishuka kusini pamoja na wafugaji wa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kwa hiyo koko wako ni mgeni aliyekuja na zizi.

Mfugaji wa Ngaramtoni

Nyongeza kwenye swali la "ilikuwaje". Hadithi ya kutoa watoto shimoni ina tatizo la kiufundi. Mtoto wa mbwa mwitu wa kijivu anaanza kujifunza nani ni wa kwao akiwa na wiki 2 hivi, wakati macho ndiyo yanafunguka na masikio bado hayasikii vizuri. Lazima umchukue kabla ya siku ya 10 au 14, umnyonyeshe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, umuweke na watu muda wote. Ukichelewa, anakuogopa maisha yake yote. Ndivyo wanavyofanya kwenye kituo cha utafiti cha Ernstbrunn, Austria, na hata wakifanya hivyo kikamilifu wanapata mbwa mwitu aliyezoea watu, hawapati mbwa. Uzao wake unaanza upya kutoka sifuri.

Ndiyo maana Raymond Coppinger, Mmarekani aliyetumia mbwa wa Pemba kama mmoja wa mifano yake, alipendekeza kwamba mbwa mwitu walijifuga wenyewe. Kila mnyama ana umbali ambao ukiuvuka anakimbia. Anayekimbia mtu akiwa mita 200 anaacha mabaki ya jalalani. Anayesubiri mpaka mita 20 anakula, anashiba, anazaa zaidi. Rudia hilo vizazi mamia na woga unapungua bila mtu yeyote kuamua kufuga.

Tabibu wa Njiro (Arusha)

Nakubali kuhusu umbali wa kukimbia, nakataa kuhusu jalala. Mbwa alikuwepo kabla ya kilimo na kabla ya vijiji. Wawindaji wa zama za barafu walikuwa wanahama, na jalala linataka watu wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima. Koko wa Pemba au wa dampo la Murriet anatuonyesha mbwa anavyoishi baada ya kuwa mbwa, si namna alivyoanza.

Watafiti wa Finland mwaka 2021 walipendekeza maelezo ninayoona yana uzito. Binadamu hawezi kuishi kwa nyama isiyo na mafuta. Ini lake linashindwa protini ikiwa sehemu kubwa mno ya chakula. Wakati wa baridi kali wanyama wanaowindwa wamekonda, hivyo mwindaji anachukua mafuta, uboho na ogani na kubaki na minofu mikavu asiyoweza kuimaliza. Mbwa mwitu anaweza kuishi kwa hiyo minofu miezi mingi. Ndiyo kusema kwa msimu huo hawakuwa wakigombea sahani moja.

Na kama mnataka kuona uchaguzi wa woga peke yake unavyofanya kazi, kuna jaribio la wanasayansi Dmitry Belyaev na Lyudmila Trut, Novosibirsk, Urusi, lililoanza mwaka 1959. Walianza na mbweha (si bweha, ni yule anayeitwa "fox" kwa Kiingereza) 30 madume na majike 100, wengi wao kutoka shamba la manyoya la Estonia. Kipimo kilikuwa kimoja: mtu anaingiza mkono kwenye kizimba, anaangalia kama mbweha anauma, anakimbia au anasogea. Hawakufundishwa chochote. Waliotulia zaidi ndio waliozalishwa, madume wasiozidi asilimia 5 hivi na majike kama asilimia 20. Kizazi cha 4 walianza kutikisa mkia. Kizazi cha 10 asilimia 18 walikuwa wanamkimbilia mtu wakilia kutaka kuguswa, na kizazi cha 20 asilimia 35. Walijitokeza pia wenye masikio yaliyolala na mabaka meupe. Hilo la mwisho lichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu mbweha hao walikuwa na asili ya mashamba ya Kanada ambako walikwisha kuzalishwa miaka mingi, na mabaka yalikuwepo tangu huko.

Hapo ndipo jibu la bweha lilipo. Ukimlea mmoja hupati kitu. Ungehitaji mamia ya bweha, uwapime wote, uzalishe wachache sana, na usubiri miongo. Na kukamata hata mmoja bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009.

Mama Shambani (Tengeru)

Mmezungumza miaka elfu kumi na nne, mimi nataka wiki kumi na nne za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo watu wa huku wanaharibu mbwa.

Tofauti kubwa ya mbwa na mbwa mwitu ni kwamba dirisha la kuzoea, yaani muda ambao mtoto anaweza kuwazoea watu, limesogea na kurefuka. Kwa mbwa linafunguka wiki ya 3 na kuanza kujifunga wiki ya 12 hadi 14. Kwenye jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa waliokuzwa uwanjani bila kuguswa na mtu mpaka wiki ya 14 hawakukamatika tena kirahisi. Waliishi kama wanyama wa porini, wakati wazazi wao walikuwa mbwa wa kawaida. Ufugaji uliomo kwenye damu unampa mbwa uwezo tu. Kila kizazi lazima kikamilishwe kwa mkono.

Sasa angalia desturi yetu. Kitoto kinachukuliwa wiki ya 4 au ya 5, kinafungwa mnyororo nyuma ya nyumba au kwenye kibanda chenye giza "ili awe mkali", kinatolewa usiku tu. Ukimchukua kabla ya wiki ya 7 au 8 hajajifunza kwa mama na nduguze kupunguza nguvu ya meno. Ukimficha mpaka mwezi wa 4, unayempata si mlinzi, ni mwoga. Mwoga anauma mtoto wa jirani, mgeni akigeuka anamuuma kisigino, na mwizi akipiga kelele anaingia uvunguni.

Namna sahihi: mwache kwa mama mpaka wiki ya 8, lakini kuanzia wiki ya 3 ashikwe kila siku na watu tofauti, wakiwemo watoto na wanaume wasio wa nyumba hiyo, dakika chache tu kila mmoja. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 asikie bodaboda, aone mbuzi, kuku, mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye rungu. Akiogopa, mrudishe mbali kidogo mpaka atulie, usimburute. Kama unataka awe mlinzi wa mbuzi, alale nao zizini kuanzia wiki ya 8 hadi ya 16 huku ukimwangalia. Akikimbiza wana-mbuzi mzuie pale pale, maana mchezo huo ukizoeleka hauondoki.

Msomaji wa Kiboriloni (Moshi)

Asanteni sana. Kuna jambo limebaki: mbwa mwitu anakula nyama, koko wangu anakula ugali. Hilo nalo ni la mazoea au amebadilika kweli?

Tabibu wa Njiro (Arusha)

Amebadilika kweli. Jeni ya AMY2B inatengeneza kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta mbwa mwitu ana nakala 2, mbwa ana kati ya 4 na 30. Zimeongezeka kwa mbwa walioishi na wakulima. Baadhi ya mbwa wa ncha ya kaskazini wanakolishwa samaki na nyama bado wana chache.

Lakini kumeng'enya ugali si kutosheka na ugali. Unga wa mahindi una protini kama asilimia 8, mbwa mzima anahitaji walau 18 na mtoto kama 22 ya chakula kikavu. Dagaa wakavu wana zaidi ya asilimia 50, na kwa kuwa wanaliwa na miiba yao, kalisi inapatikana humo humo. Kwa uzito, pima unga sehemu 3 kwa dagaa sehemu 1 kwa mbwa mzima, na 2 kwa 1 kwa mtoto. Dagaa waoshwe kwanza kutoa mchanga na chumvi. Usitie kitunguu, kinaharibu chembe nyekundu za damu.

Kosa linaloua ni kumpa mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa "binadamu hayafai". Mbwa anadhurika haraka na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Anaanza kukataa chakula, anatapika, ufizi na macho vinakuwa vya njano, kinyesi kinakuwa cheusi. Akifika hapo ini limeshaharibika.

Mfugaji wa Ngaramtoni

Na wanaochinja nyumbani: msimrushie mbwa mapafu wala ini lenye malengelenge ya maji. Humo mna minyoo ambayo mbwa anairudisha kwa mayai kwenye kinyesi, na mtu akiyameza anaota malengelenge hayo ini mwake. Yafukieni chini sana au yachomeni. Dawa ya mbwa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo moja ya uzito, na kwenye maeneo yenye ugonjwa huo irudiwe kila wiki 6, kwa sababu haiachi kinga.

Mama Shambani (Tengeru)

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi 3, irudiwe kila mwaka. Kuchanja mbwa si kwa ajili ya watu tu. Distempa iliyotokana na mbwa wa vijijini iliua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, kwa hiyo muombe daktari wa mifugo achanje na hiyo, maana sindano ya kichaa peke yake haiizuii.