Naomba ushauri: Kijerumani cha dukani kinanitoa jasho

Wakuu habarini. Nina miezi miwili hapa Leipzig, Ujerumani, nimekuja kwa mafunzo ya uuguzi. Cheti cha B1 (Kijerumani cha kiwango cha kati) ninacho, nilikisotea Dar, lakini mbele ya keshia nakuwa bubu.

Shida kubwa ni namba. Sisi tunasema arobaini na saba, wao wanaanza na saba: siebenundvierzig. Na wanatamka kwa mkupuo! Juzi bei ilikuwa euro 12,47, mimi nikasikia 74. Nikahesabu visarafu vyangu taratibu, foleni nyuma inapumua, yule mama akanirudishia vilivyozidi bila hata kutabasamu. Tangu siku hiyo natoa noti tu, hata kwa mkate. Pochi sasa imejaa chenji kama ya konda wa daladala.

Halafu kuna "Haben Sie es klein?" Nilidhani naulizwa kama nataka mfuko mdogo, nikajibu "nein, groß" (hapana, mkubwa). Kumbe anataka hela ndogondogo! Na chupa za maji nilizitupa wiki nzima, kabla jirani hajanionyesha neno Pfand, yaani amana ya chupa: senti 25 kila moja, unarudishiwa ukiiweka chupa kwenye mashine. Iliniuma.

Waliotangulia, masikio yenu mliyazoeshaje namba hizi? Sokoni nako muuzaji akisema "ein Pfund" (ratili moja) anamaanisha nusu kilo kamili, au niangalie mizani? Naomba pia sentensi mnazotumia kila siku mkilipa. Za kitabuni ninazo.